Fikra ile ilikuwa na asilimia 90

Nilianza tiba ya fikra, ya mazungumzo na mtaalamu, kwa ajili ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nikidhani nitaambiwa niwaze mazuri. Ningeliweza hilo nisingekwenda. Kwa miezi mitano usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu, chakula hakina ladha, na simu za ndugu naziacha ziite mpaka zinyamaze.

Kikao cha pili mtaalamu akaniuliza: jana simu ilipoita, ni nini kilipita kichwani? Nikasema hakuna. Akanyamaza. Ndipo nikajisikia nikitamka: "Wananipigia kwa kutimiza wajibu tu. Mimi ni mzigo." Kumbe nilikuwa najiambia hivyo kila siku bila kujisikia!

Fikra za namna hiyo, zinazojileta zenyewe, ndizo alizozikuta Aaron Beck, daktari wa akili aliyeanzisha tiba hii, kwa wagonjwa wake wa sonona huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Aliona zinazunguka mambo matatu: mimi sifai, dunia imenikalia vibaya, na kesho haina nafuu. Mimi nilikuwa nayo yote matatu, tena kabla ya kuoga.

Dawa yenyewe ilikuwa daftari. Unaandika tukio, fikra, unavyoiamini kwa asilimia, kisha ushahidi wa kuiunga mkono na wa kuipinga. Ile ya mzigo niliipa 90. Upande wa kupinga niliandika kimoja tu: dada alipiga mara tatu siku ile, na anayetimiza wajibu hupiga mara moja. Ikashuka hadi 60. Bado ni nyingi, lakini alipopiga kesho yake nilipokea.

Ukianza, andika fikra ikiwa bado ya moto, kwa maneno yake yaleyale, hata kama ni ya aibu. Mimi mwanzoni niliandika "nilijisikia vibaya", nikapoteza wiki mbili, maana hisia huwezi kuidai ushahidi. Na siku ambayo hata kalamu ni nzito, acha daftari, anza na kitendo: tembea dakika 10, lakini kabla ya kutoka kadiria utapata raha kiasi gani kati ya 0 na 10. Mara nyingi nilikadiria 1, nikarudi na 3. Sonona ni mtabiri mbovu.

Kwa kawaida vikao huwa kati ya 12 na 20, kimoja kwa wiki. Kwa sonona ya wastani, tafiti zinaonyesha tiba hii hufanya kazi karibu sawa na dawa, na manufaa yake huelekea kudumu baada ya vikao kuisha. Ila sonona ikiwa kali, mara nyingi tiba hii huunganishwa na dawa, kwa hiyo usiache dawa zako bila daktari. Na ikija fikra ya kujiua, hiyo si ya daftari wala ya kungoja kikao kijacho: mwambie mtu leo, nenda hospitali.

Jambo jingine: vikao vitatu vikipita hujapewa kazi ya kufanya nyumbani, uliza kwa nini. Mtaalamu mzuri hatachukia.