Omba upande usioupenda: kwa wanaojiunga na vikundi vya sheria ya kimataifa chuoni

Ukijiunga na kikundi cha sheria ya kimataifa chuoni, omba upewe upande wa kesi usioupenda. Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa mwanafunzi yeyote wa sheria hapa Nairobi, awe Parklands, Karen au Lang'ata.

Vikundi hivi vina shughuli nyingi. Kuna mihadhara ya wageni, kuna mikutano ya mfano ya Umoja wa Mataifa, kuna ziara za Gigiri yaliko makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Nenda kote huko, utajifunza. Lakini kwa niliyoyaona, kinachomjenga wakili ni mahakama ya mfano, ile tunayoiita muuti, ambapo wanafunzi hutetea pande mbili za kesi mbele ya majaji wa kuigiza, na hasa muuti wa ndani: wa jioni, darasa tupu, bila kombe wala mdhamini.

Sisi tulichukua kesi ambayo kila Mkenya ana maoni juu yake, Somalia dhidi ya Kenya. Somalia ilifungua kesi hiyo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ICJ, mwezi Agosti 2014. Iliomba mpaka wa bahari upite katikati, umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Kenya ikashikilia kwamba mpaka unafuata mstari wa latitudo kutoka pwani ya kaskazini mwa Lamu, na kwamba Somalia iliukubali kwa kunyamaza tangu tangazo la Rais Moi la mwaka 1979. Kati ya mistari hiyo miwili kuna pembetatu ya bahari ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000.

Mwenyekiti wetu aliweka sharti moja: hakuna kugusa hukumu. Tulisoma hoja za maandishi za nchi zote mbili, ambazo ICJ imeziweka wazi kwenye tovuti yake, na ramani. Kisha akagawa pande. Mwenzetu wa Lamu, mtoto wa mvuvi, akapewa Somalia. Dada mmoja Msomali aliyekulia Eastleigh akapewa Kenya. Wote wawili waliomba kubadilishana, akakataa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kweli. Yule wa Lamu alisimama akaongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyekaa kama jaji akamkatiza: "Wakili, Somalia ilikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya kupinga. Ilipinga wapi?" Akajibu kwamba serikali ya Somalia ilianguka mwaka 1991 na nchi ikaingia vitani. Jaji akasema, "Hiyo inaeleza baada ya 1991. Na kabla yake?" Kimya.

Wiki iliyofuata alirudi na Sheria ya Maeneo ya Bahari ya mwaka 1989, sheria ya Kenya yenyewe. Akasoma polepole kifungu kinachosema mpaka wa kaskazini wa eneo la kiuchumi, yaani sehemu ya bahari ambayo nchi ina haki ya rasilimali zake, utawekwa kwa makubaliano kati ya Kenya na Somalia. Kama mpaka ulishakubaliwa kwa kunyamaza mwaka 1979, akauliza, kwa nini miaka kumi baadaye Bunge la Kenya liliandika kwamba makubaliano bado yanasubiriwa? Darasa zima lilinyamaza. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutafuta ushahidi wa upande mmoja ndani ya kabati la upande wa pili. Aliupata kwa sababu alilazimika.

Yule dada naye aligundua kwamba mpaka wa Kenya na Tanzania unafuata latitudo, kwa makubaliano ya 1975 na 1976. Akachora kwenye ubao: ukiweka mstari wa katikati upande wa kaskazini, bahari ya Kenya inabanwa kutoka pande zote mbili. Alichora upya mara kadhaa mpaka kila mtu akaona.

Ndipo tukafungua hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021. Majaji walikataa hoja ya kunyamaza, wakaanza na mstari wa katikati, halafu wakausogeza kaskazini kidogo kupunguza kule kubanwa kwa Kenya. Wale wawili walisoma aya hizo kwa kupokezana. Ukisoma hukumu baada ya kupambana nayo hivyo, haikutoki.

Fanyeni hivyo pia na kesi ya Mitu-Bell. Kijiji cha Mitumba kilichokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson kilibomolewa mwaka 2011, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Januari 2021. Swali lilikuwa uzito wa miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuwahamisha watu, mbele ya Ibara ya 2(5) na 2(6) ya Katiba yetu, zinazoingiza sheria ya kimataifa na mikataba katika sheria ya Kenya. Kila mwanafunzi mwenye moyo atataka kuwatetea wakazi. Basi mpe Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Akimaliza, atajua kwa nini Mahakama ilisema miongozo ile si sheria inayofunga, bali inaweza kusaidia kuitafsiri Katiba, na wakazi atawatetea vizuri zaidi siku akiajiriwa kufanya hivyo.

Mashindano makubwa yatakuja yenyewe. Jessup, mashindano ya kimataifa ya muuti yaliyoanza mwaka 1960, na mashindano ya haki za binadamu ya Afrika yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka 1992, yote hukutaka utetee pande zote mbili, kwa hiyo mazoezi haya hayapotei. Usipochaguliwa kuwa msemaji, chukua kiti cha mtafiti bila kinyongo, maana anayeandika hoja ndiye anayezijua. Nauli na ada ni mzigo, na nimeona timu nzuri zikibaki nyumbani. Muuti wa ndani hauhitaji nauli.

Mkutano wa kwanza wa muhula, gawaneni pande kabla mtu hajasoma lolote, kwa kura, na msiruhusu kubadilishana. Hukumu ya Somalia na Kenya ipo bure kwenye tovuti ya ICJ, ya Mitu-Bell ipo kwenye tovuti ya Kenya Law, inayochapisha hukumu za mahakama zetu. Mteueni mtu mmoja wa kuzitunza hadi raundi ya mwisho iishe.