Hedi ya Pijo 504 imeliwa na maji: gundi, kuchomelea au kununua nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1979 niliyorithi kwa marehemu baba, injini ya petroli, cc 1971. Ndani ya miezi minane nimebadilisha gasketi ya hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya bloku na kifuniko cha juu cha injini, mara mbili, na bado maji yanapungua na rejeta inatoa mapovu. Safari hii hedi ilipofunguliwa tumekuta imeliwa: kuna vishimo kuzunguka matundu ya maji, na kimoja upande wa silinda ya tatu kimefika karibu na ringi ya gasketi inayozunguka silinda. Fundi wa kwanza anasema kuna gundi ya chuma inayohimili moto, ajaze halafu apige msasa. Wa pili anasema ichomelewe. Wa tatu anasema hedi ikishaliwa ni ya kutupa. Wote wanakubaliana jambo moja tu: nitoe themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, na niendelee na maji ya kawaida, kwa sababu kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, ni ya nchi za baridi. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Mafundi wako wamebishana juu ya dawa, wakaafikiana juu ya sumu. Hedi nitakuambia la kufanya, lakini naanzia pale mwisho wa barua yako, kwa sababu ndipo ugonjwa ulipo. Ukiirekebisha hedi hii leo, hata kwa fundi bora kuliko wote, kisha ukarudi kwenye ndoo ya maji ya kisima, tutaandikiana tena.

Hili la kulanti kuwa ya nchi za baridi nalisikia karibu kila hedi inapowekwa mezani kwangu. Najua lilikotoka. Chupa imeandikwa antifrizi, mtu anasoma, anacheka: barafu itatoka wapi Ngamiani? Basi anaokoa hela, anafungua bomba. Lakini ndani ya chupa ile mna zaidi ya kitu cha kuzuia barafu. Mna glikoli, ambayo kweli huzuia maji kuganda, na hiyo hiyo huyachelewesha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi hata mfuniko ukiwa wazi. Na mna dawa za kuzuia metali isiliwe. Hizo dawa ndizo unazozihitaji wewe wa Tanga kuliko hata mtu wa Ulaya, maana maji yako yana chumvi kuliko yake.

Fikiria injini yako ilivyo. Hedi ni aluminiamu. Bloku ni chuma cha kusubu, tunachokiita kasti. Silivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni chuma, nazo kwenye Pijo hii zimesimama ndani ya maji yenyewe. Rejeta, kama bado ni ile ya zamani, ni ya shaba iliyoungwa kwa risasi. Ukichukua metali tofauti zinazogusana ukaziloweka kwenye maji yenye chumvi, umetengeneza betri, na kila betri ina upande unaoliwa. Hapa anayeliwa ni aluminiamu. Yenyewe hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksaidi, ila chumvi ya kisima huutoboa utando huo sehemu moja moja, ndiyo maana umeona vishimo wala si mmomonyoko wa sawasawa. Na ndiyo maana hukuona kutu nyekundu kwenye hedi. Aluminiamu ikiliwa hutoa unga mweupe, laini, mtu asiyejua anadhani ni chokaa ya maji tu, anaupangusa kwa kitambaa na kufunga hedi.

Sasa gundi.

Mwaka jana nililetewa hedi ya 504 nyingine, imetengenezwa hivyo hivyo unavyoshauriwa. Kwa macho ilikuwa nzuri, imepigwa msasa mpaka inang'aa. Nikaichovya kwenye dawa ya kuondoa mafuta, nikaanza kuichokoa kwa ncha ya msumari pembeni ya tundu la maji. Kiraka kilibanduka kizima, kama kigaga cha kidonda, na chini yake palikuwa pabichi: unga mweupe ule ule, umelowa. Gundi ilikuwa imeshika unga, haijashika chuma. Mwenye gari alikuwa ameshalipa gasketi, oili na siku tatu za ufundi kwa ajili ya kigaga.

Kopo limeandikwa linahimili moto, sawa. Lakini gundi hizo za kuchanganya mbili huanza kulegea joto likipita nyuzi 100 na ushee, na ringi ya gasketi inapakana na chumba ambamo gesi inayowaka hupita nyuzi 2000. Hata ukisahau moto, kuna kutanuka. Kipande cha aluminiamu cha sentimita 45 kikitoka joto la asubuhi la nyuzi 30 hadi 90 hurefuka kama milimita 0.6. Kasti ya chini yake hurefuka nusu ya hapo. Kila ukiwasha na kuzima, hedi inajikwaruza juu ya bloku, na gundi yenyewe inatanuka kwa kipimo chake cha tatu. Hakuna kiraka kinachovumilia hayo huku kimebanwa na bolti za hedi. Na huo msasa! Hedi haisawazishwi kwa msasa na kipande cha mbao. Mkono unakula pembeni kuliko katikati, ukiweka rula ya chuma na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, utaona mwanga unapita. Mimi tofauti ikizidi milimita 0.05 siifungi.

Kwenye kundi hilo hilo naweka yai bichi kwenye rejeta, pilipili manga, na zile dawa za unga za kuziba uvujaji. Vinaziba kweli. Vinaziba na vijia vya rejeta, na vya hita, na vijia vyembamba vya maji ndani ya hedi, mahali pale pale panapohitaji kupoozwa zaidi.

Fundi wako wa pili ndiye yuko sahihi, kama anajua kazi. Muulize ataichomeleaje. Akikwambia kwa gesi ya kawaida na fimbo yoyote ya aluminiamu, mshukuru uondoke. Hedi inaoshwa mpaka mafuta yote yatoke, kisha kila kishimo kinachimbwa kwa kekee hadi kwenye metali safi inayong'aa. Hapa ndipo hukumu inapotolewa. Ukichimba na kuchimba, ukajikuta unakaribia kutokea kwenye chumba cha moto, au ukuta kati ya maji na moto umebaki mwembamba kiasi kwamba msumari unabonyea, hapo fundi wa tatu ameshinda. Kwa maelezo yako, kishimo kilichofika karibu na ringi bila kuingia chini yake kwa kawaida kinaokolewa.

Baada ya kuchimba, hedi yote inapashwa moto polepole hadi nyuzi 150 au 200, si kona moja tu, halafu inachomelewa kwa tigi, mashine ya umeme ya kuchomelea, yenye gesi ya agoni na fimbo ya aluminiamu yenye silikoni, inayouzwa kwa namba 4043. Kisha inaachwa ipoe taratibu ndani ya mchanga mkavu au chini ya blanketi la kuzuia moto. Nimeona mtu akiimwagia maji ili mteja asisubiri. Ilipasuka mbele ya mteja. Ikishapoa ndipo inaingia mashineni kuskimiwa, yaani kukwanguliwa uso uwe sawa, kiasi kidogo kadiri inavyowezekana, maana kila unachokata kinapandisha kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda. Kama ilishawahi kuskimiwa kipindi cha baba, pima kimo chake na ulinganishe na kitabu cha kiwanda kabla hujatoa hata senti. Siti za valvu nazo zikaguliwe, kwa sababu joto la kuchomelea huweza kuzilegeza.

Mwisho, ipimwe kwa upepo: matundu ya maji yanafungwa kwa bamba na mpira, hedi inazamishwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, upepo unaingizwa, unatazama kama kuna povu. Maji ya baridi hayatoshi, ufa mwingine haufunguki mpaka hedi iwe na joto. Karakana isiyo na kipimo hiki inakuuzia matumaini.

Kununua hedi nyingine si dhambi, ila elewa unachonunua. Iliyotumika, itoke Nairobi, Nigeria au Kariakoo, imekunywa maji yale yale ya ndoo. Ipimwe kwa upepo kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa umeshapata jibu. Peugeot 505 za kabureta zenye cc 1971 zilitumia injini ya ukoo huo huo, kwa hiyo uwanja wa kutafuta ni mpana kidogo. Linganisha matundu na vyumba vya moto na hedi yako mkononi, usiamini maneno ya simu.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliogopa kwa sababu hedi yako imeshafunguliwa mara tatu. Zile silivu zimekaa tu kwenye bloku, chini zina sili, juu zinashikiliwa na hedi. Hedi ikishatoka, hakuna anayezishikilia. Fundi akiizungusha injini kwa mkono ili asafishe vichwa vya pistoni, pistoni inaipandisha silivu, sili ya chini inavunjika, na maji yanaanza kushuka kwenye oili. Vivyo hivyo akiivuta hedi moja kwa moja juu ikiwa imegandana na gasketi. Inatakiwa itikiswe kwanza kwa nondo fupi kwenye matundu ya bolti mpaka iachie. Silivu zibanwe kwa bolti na washa pana hedi inapotoka, na kabla ya kufunga zipimwe zimechomoza kiasi gani juu ya bloku, moja moja. Ikiwa mojawapo imezama, gasketi haitabana silinda hiyo, na huenda gasketi zako mbili zilikufa hapo. Muulize fundi kama amepima. Akiuliza apime nini, unajua la kufanya.

Themostati irudishe. Nyingi za magari ya enzi hizo hufunguka kati ya nyuzi 75 na 88, na gari linalochemsha huwa limekwama kwingine: rejeta imeziba, wota pampu imeliwa mapanga, feni haivuti. Injini inayotembea bila kufikia joto lake inakula mafuta, inachakaza ringi za pistoni na kutengeneza matope kwenye oili. Ukishuku themostati imekwama, ichovye kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka lini. Nyingine mpya haikaribii bei ya gasketi moja.

Kulanti nunua ya kijani ya mtindo wa zamani, iliyoandikwa kwamba inafaa aluminiamu. Usiamini rangi peke yake, maana kuna watu wanauza maji yenye rangi ya juisi, na hao ndio wananikasirisha kuliko hata wa gundi, kwa sababu mteja wao alikuwa amejitahidi. Jaribu hivi: mimina kidogo kwenye kopo la kutupa, weka kwenye friza usiku kucha. Mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda kwenye friza ya nyumbani. Asubuhi ukikuta jiwe la kijani, ulinunua rangi. Kopo lifiche watoto na paka wasilifikie, glikoli ni tamu na inaua. Ya kuchanganya nyumbani ichanganye na maji ya betri, yale meupe ya kuongezea, na soma chupa vizuri maana kwenye rafu hiyo hiyo wanauza na asidi. Maji ya kunywa ya dukani hayafai, yana madini. Badilisha yote kila miaka 2, kwa sababu dawa huisha nguvu hata kama rangi bado inapendeza.

Haya si ya Pijo peke yake. Datsun 1200, Corolla za injini ya 3K, Fiat 124, zote ni hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya kasti, na zote naletewa zikiwa na ugonjwa huu. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, kwenye matope na mawe yaliyovunja magari ya kila namna. Huku kwetu inauliwa na ndoo.

Ukiituma hedi kwangu Dar, au kwa fundi yeyote mwenye tigi na kipimo cha upepo, usiisafishe. Na ile gasketi iliyotoka usiitupe. Iweke alama mbele ni wapi, ifunge kwenye gazeti, iambatane na hedi. Mahali palipopitisha maji pana mstari, na mstari huo ndio nitakaousoma kabla sijashika kekee.