Je, Ndoa Hukatika kwa Mume Kukaa Ughaibuni Mwaka Mzima?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mume na baba wa mtoto mmoja. Nilikwenda nchi ya mbali kwa mkataba wa kazi wa mwaka mmoja, kwa ridhaa ya mke wangu, na nimerudi hivi karibuni. Nilikuwa nikituma matumizi kila mwezi, isipokuwa miezi miwili ambayo sikulipwa mshahara, na tulizungumza kwa simu karibu kila siku. Niliporudi, mzee mmoja wa ukoo wetu ambaye watu humsikiliza katika mambo ya dini aliniambia kuwa mume akipitisha miezi minne bila kukutana na mkewe, ndoa hukatika yenyewe, na ni lazima nifunge upya kwa mahari mengine. Mwingine akasema ni miezi sita. Wa tatu akasema hata kama haijakatika, nifunge tu kwa tahadhari. Tangu hapo nalala chumba cha peke yangu. Mke wangu amenyamaza, na mambo ya nyumba anayaamua bila kuniuliza. Mtoto wangu, niliyemwacha hajaanza kutembea, nikiwa nimekaa sebuleni humwambia mama yake ampigie baba simu. Ndugu zangu nao wananishauri nipekue simu ya mke wangu nijue aliishije nilipokuwa mbali. Nifanye nini?

JIBU: Waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, mkeo ni mkeo. Hukutoka katika ndoa yake hata siku moja, huhitaji akdi mpya wala mahari mengine, wala hakuna rujua, yaani kumrejea mke baada ya talaka, kwa sababu hapakuwa na talaka. Toka katika hicho chumba leo hii. Nimetanguliza hukumu kabla ya dalili kwa kuwa kila usiku unaoupitisha hivyo ni dhulma mnayofanyiwa nyote wawili kwa neno lisilo na asili katika sharia, na swali hili limekuwa likiulizwa mara nyingi mno na watu waliorudi kutoka safari za kazi.

Neno la miezi minne limetoka katika aya ya 226 na 227 za Suratul Baqara, ambazo zinawahusu wanaume wanaoapa kutowakaribia wake zao: wapewe muda wa miezi minne, wakirejea Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe, na wakiazimia talaka Yeye ni Mwenye kusikia, Mwenye kujua. Aya hizo zinazungumzia kiapo. Wewe hukuapa, ulisafiri kutafuta riziki kwa ridhaa ya mkeo. Na hata huyo aliyeapa, kwa Imam Malik, Imam Shafi na Imam Ahmad ndoa yake haikatiki kwa kupita muda, bali husimamishwa mbele ya kadhi achague kumrudia mkewe au kumwacha. Ni Imam Abu Hanifa aliyesema kuwa talaka humwangukia aliyeapa mara miezi minne inapotimia. Nadhani mzee wenu aliisikia kauli hii ya Mahanafi, akaikata kichwa, ambacho ni kiapo, akabakiwa na kiwiliwili, na hicho ndicho anachowagawia watu.

Hao wa miezi sita wanategemea kisa cha Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), alipomsikia usiku mwanamke akilalamikia kwa mashairi upweke wake na mumewe yuko vitani. Akamuuliza binti yake Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), mwanamke huweza kumvumilia mumewe muda gani, naye akamjibu, miezi minne katika baadhi ya riwaya na sita katika nyingine, ndipo Umar akaweka mpaka wa askari kukaa vitani. Tazama alichokifanya: aliwarudisha waume kwa wake zao. Lau ndoa zao zingekuwa zimekatika, angeamrisha zifungwe upya, na hakuna aliyepokea hilo kutoka kwake. Kilichopokewa ni kinyume chake, kwamba aliwaandikia makamanda wa majeshi kuhusu wanaume waliokuwa mbali na wake zao kuwa ama watume matumizi ama watoe talaka, na atakayetoa talaka atume na matumizi ya muda wote aliomzuia mkewe. Talaka ingetolewa juu ya nini, na matumizi yangedaiwa kwa ajili ya nini, kama ndoa ilikwisha kujifia njiani?

Zaidi ya hayo, mume aliyepotea kabisa, asijulikane yu hai au amekufa, Umar alihukumu mkewe angoje miaka minne, kisha akae edda ya kufiwa, yaani muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, na Imam Shafi katika kauli yake mpya akashurutisha ipatikane yakini ya kufa kwake. Iweje mke wa aliyepotea angoje miaka, na mke ambaye sauti ya mumewe anaisikia karibu kila siku aambiwe kuwa ndoa imekwisha kwa miezi minne? Na kama kauli hiyo ingekuwa kweli, basi mkeo angepaswa kukaa edda, na baada yake angekuwa huru kuolewa na mwanamume mwingine ungali ughaibuni. Mzee wenu hawezi kulitamka hilo mbele ya watu, wala hajawahi kumtuma mke wa msafiri yeyote akakae edda. Kauli ambayo mwenyewe anaogopa matokeo yake haifai kuvunjia nyumba ya Muislamu.

Anayesema mfunge tena kwa tahadhari ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, kwa sababu maneno yake yana sura ya uchamungu. Kanuni ya fiqhi inayojulikana na kila mwanafunzi ni kuwa yakini haiondolewi kwa shaka. Ndoa yenu ni yakini, na aliyoyaleta yeye hayafiki hata kuwa shaka. Tahadhari iliyo wajibu ni kujihadhari na kusema juu ya dini ya Mwenyezi Mungu bila elimu.

Nasema haya bila kuufanya umbali kuwa jambo jepesi. Mke ana haki ya kuwa na mumewe, na wanazuoni wa Kimaliki na Kihanbali wamempa aliyeachwa muda mrefu na akadhurika haki ya kupeleka shauri lake kwa kadhi, ambaye anaweza kuivunja ndoa. Lakini hiyo ni haki ya mke kuidai, na kadhi kuihukumu. Haidaiwi na wazee wa ukoo. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa safari ni kipande cha adhabu, na kwamba msafiri akishamaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Mkitaka kuongeza mkataba mwingine, shaurianeni upya, maana ridhaa ya mwaka uliopita haikununulii mwaka ujao.

Sasa nikuambie kuhusu huo ukimya. Huyu ni mwanamke aliyekungoja mwaka mzima, akalea peke yake, akajihifadhi. Kisha unarudi na kumwambia kwa kitendo, kama si kwa ulimi, kwamba miezi minane kati ya hiyo hakuwa mke wa mtu. Mwendee, umwombe radhi waziwazi, umwambie kuwa ulifuata neno la watu kabla ya kuuliza, na usitafute kisingizio.

Kuhusu kuamua mambo bila kukuuliza, usiharakie kuona ni uasi. Kwa mwaka mzima mtoto alipougua usiku, aliyeamua ni yeye, na matumizi uliyoyatuma aliyegawa ni yeye, na mazoea hayo hayaondoki kwa kuwa wewe umeingia mlangoni na sanduku lako. Malik bin Al-Huwayrith (R.A.) na vijana wenzake walikaa kwa Mtume siku ishirini, naye alipoona wamewakumbuka jamaa zao aliwaambia warudi kwao, wakae nao, wawafundishe na wawaamrishe. Tazama mpango wa maneno hayo katika riwaya ya Bukhari: kukaa nao kumetangulia, na kuamrisha kumekuja mwisho. Wanaume wengi wanaorudi kutoka mbali huanza na la mwisho. Keti naye, mwambie akueleze nyumba inavyokwenda, nani anadai na nani anadaiwa, mtoto hulala saa ngapi na huogopa nini. Kisha shika kazi moja au mbili mkononi mwako uzifanye mpaka akuzoee humo, na maamuzi yatarudi kuwa ya wawili.

Kupekua simu yake usikukaribie. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza mwanamume kuwajia ahli zake usiku kwa kuwashuku kuwa wamefanya khiyana au kwa kutafuta makosa yao, na Qur'ani katika Suratul Hujurat imekataza dhana nyingi na imekataza kupelelezana. Hadithi hiyo inamhusu mtu wa hali yako hasa, yule anayerudi baada ya kutokuwepo. Na hao ndugu zako, wakirudia ushauri huo, waambie kuwa mimi katika barua yako yote sikuona alama yoyote ya khiyana, ila yao wao ya kutaka kukutia shaka.

Mtoto asikuvunje moyo. Hakukukana, anakujua kama sura na sauti inayotoka ndani ya simu, na hajajua bado kuwa mtu huyu aliyekaa sebuleni ndiye yule. Akimwambia mama yake ampigie baba, mwache ampigie, nawe uipokee simu ukiwa umekaa sakafuni mbele yake, akuone mdomo wako ukisema yale anayoyasikia. Usimlazimishe kukubusu wala usimgombeze akikimbilia kwa mamaye. Abdullah bin Ja'far (R.A.) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) aliporudi safarini alikuwa akipokewa na watoto wa nyumbani kwake, akampandisha yeye mbele yake juu ya mnyama, kisha akaletwa mmoja wa watoto wa Fatima akampandisha nyuma, wakaingia Madina hivyo. Kiongozi wa umma aliingia mjini mwake akiwa amebanwa na watoto mbele na nyuma.

Imebaki ile miezi miwili. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, matumizi ya mke yasiyotolewa huwa deni juu ya mume, kwa hiyo mlipe au akusamehe kwa hiari yake, bila kumwonyesha uso wa kumshurutisha. Ya mtoto hayageuki deni kwa kupita muda peke yake, lakini kama mkeo alikopa ili amlishe mwanao, lilipe deni hilo usingoje fatwa.

Mzee wenu mwendee kwa heshima, pasipo hadhara, umsomee haya. Na kama wapo waliofunga upya kwa kauli yake, wajulishwe kuwa ndoa yao ya kwanza ndiyo ndoa yao, haikukatika, na mahari ya pili yaliyotolewa kwa kudhaniwa kuwa ni wajibu wayazungumze mume na mke kwa wema.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.