Diploma DIT au PCM kwanza halafu Mlimani? Mimi nimepita kote

Mkuu umesema dogo kamaliza kidato cha nne, kapangiwa PCM (fizikia, kemia, hesabu) kidato cha tano, na huku DIT, ile Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, wamempokea diploma ya umeme, na mzee anataka afike Mlimani tu, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Mimi nilianza DIT nikaja kumalizia UDSM.

Miaka kwanza, maana hapa watu wanaogopa bure. Diploma 3 na digrii 4 ni 7, advansi (kidato cha tano na sita) 2 na digrii 4 ni 6. Tofauti mwaka mmoja! Ila akivuka na diploma, hata ada ikigoma, anaingia mtaani kama fundi sanifu na ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) wanamsajili, wakati kidato cha sita kikienda kombo hana cha kushika.

Pale DIT, kona ya Bibi Titi na Morogoro Road, sitasahau siku niliyofunga sta-delta (mota inaanza taratibu kwenye sta, kisha taima inaihamishia delta), kontakta tatu na taima, nikawasha mota ikanguruma ikabaki kwenye sta, haihamii delta ng'o. Mwalimu hakuniambia kosa, kanipa testa kakaa kimya, nimehangaika karibu saa nzima mpaka nikakuta waya wa taima nimeuchomeka tundu la jirani. Mpaka leo nikifungua paneli ya mtu naanzia pale pale.

Mlimani sasa, mwaka wa kwanza hesabu zilinikung'uta nikala sapu (mtihani wa marudio), wenzangu waliotoka PCM vitu vile walishavipiga advansi mimi ndo nakesha navyo. Lakini ndiko nilikoelewa KWA NINI mota inavuta umeme mwingi ikianza, na nilikaa chumba kimoja na mtu wa sheria na mtu wa jiolojia, tukibishana usiku mpaka nikaona nchi kwa macho mengine. Hicho karakana haikupi.

Kwa hiyo kama dogo ndo yule anayefungua feni ya nyumbani, mpelekeni DIT, ila GPA (wastani wa alama) ailinde kuanzia semista ya kwanza maana chini ya 3.0 mlango wa digrii unafungwa, na hesabu za advansi ajisomee pembeni. Kama leo anataja urubani kesho jiolojia, aende PCM, diploma ya umeme itamfungia kwenye umeme mapema mno.

Na muulizeni mwenyewe, mkuu, kwenye maelezo yako yote nimeona anachotaka mzee, anachotaka dogo sijakiona.