Kifundo cha mguu kilichopasuliwa: ushauri kwa wauguzi wanaoanza kazi wodi ya mifupa

Wauguzi wengi wanaopangiwa wodi ya mifupa hapa Dodoma hufika wakiwa wamejiandaa zaidi kwa majeraha ya paja, nyonga na uti wa mgongo. Mgonjwa aliyevunjika kifundo cha mguu huonekana mwepesi, kwa kuwa anakaa, anakula mwenyewe, na siku ya pili baada ya upasuaji anaulizia lini ataruhusiwa. Nawaomba msimchukulie hivyo. Paja lina misuli minene inayofunika mfupa na kuupatia damu, lakini kwenye kifundo, hasa pande mbili ambako mifupa hujitokeza, bamba la chuma linaloshikilia mfupa uliovunjika linafunikwa na ngozi pamoja na tabaka jembamba sana chini yake. Ngozi hiyo ikifa au mshono ukifunguka, bakteria hufika kwenye chuma na mfupa bila kizuizi kingine. Kwa sababu hiyo, kila mnachomfanyia mgonjwa huyu kianze kwa kuiangalia ngozi.

Kazi hii huanza kabla ya upasuaji. Wagonjwa wetu wengi ni wa ajali za bodaboda, na anayetoka vijiji vya Bahi, Chamwino au Kongwa mara nyingi amekwishapita zahanati, na wakati mwingine amekandwa mguu na fundi wa mifupa, ndipo afike kwetu akiwa amevimba. Kukata ngozi iliyovimba na kung'aa ni kutafuta mshono usiofunga. Daktari kwa kawaida hupasua ndani ya saa za mwanzo kabla uvimbe haujawa mkubwa, au husubiri mpaka mikunjo ya ngozi ionekane tena, jambo ambalo linaweza kuchukua wiki moja hadi mbili. Katika siku hizo za kusubiri muuguzi ndiye mwenye mgonjwa: mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, kisigino kisigandamizwe na kitanda, malengelenge yasipasuliwe ovyo, na yale yenye damu yaandikwe kwenye faili kwa kuwa huashiria kwamba ngozi imeumia kwa kina zaidi. Ndugu watawauliza, "Sista, mbona mgonjwa wetu analala tu, hapasuliwi?" Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Mwiteni mmoja wao karibu na kitanda, mwonyesheni ngozi ilivyo leo, kisha mwonyesheni tena kesho kutwa.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri uvimbe kupungua. Kifundo kilichohama mahali pake, huku mfupa ukisukuma ngozi kutoka ndani, lazima kirudishwe upesi, maana ngozi inayobanwa hivyo hukosa damu na kufa. Mfupa uliotoka nje nao unahitaji dawa ya kuua bakteria kwa njia ya mshipa mapema iwezekanavyo, vyema ndani ya saa moja baada ya mgonjwa kupokelewa, pamoja na kinga ya pepopunda na kusafishwa vizuri chumba cha upasuaji.

Mwulizeni kila mgonjwa kuhusu kisukari, na pimeni sukari hata kwa anayesema hana, kwa sababu wapo wanaoujua ugonjwa huo kwa mara ya kwanza wakiwa wodini. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi yuko katika hatari kubwa kuliko wengine: damu haifiki vizuri kwenye ngozi, kinga yake ni dhaifu, na maumivu ambayo yangemwonya mtu mwingine yeye hayasikii. Atakanyagia mguu mapema, na atawaambia kwa uaminifu kabisa kwamba hajambo huku usaha unajikusanya. Nyuzi zake huachwa muda mrefu zaidi ya siku 10 hadi 14 zilizozoeleka. Mvutaji wa sigara naye aambiwe waziwazi kwamba sigara hubana mishipa midogo ya damu ambayo mshono wake unaitegemea.

Kuhusu siku ya upasuaji nitasema machache, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 uko wazi: mgonjwa aoge, nywele zisinyolewe kwa wembe, dawa ya kuua bakteria ya kukinga maambukizi itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kukata ngozi, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha kwa lengo la kuzuia maambukizi tu. Orodha ya usalama wa upasuaji, ambayo timu huikagua hatua kwa hatua chumba cha upasuaji, isijazwe kwa mazoea. Ilipojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara hapa kwetu Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha maambukizi ya mshono yakishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4. Nafurahi kila ninapokumbuka kwamba wenzetu wa Ifakara walikuwa sehemu ya ushahidi huo.

Baada ya upasuaji, vitabu vingi vitawaambia mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, na anayeungoja atachelewa. Gusa kwa mgongo wa mkono uliosafishwa na ulinganishe joto la mguu huu na la mguu mwingine. Tazama ngozi inayong'aa, iliyokaza au iliyozidi kuwa nyeusi kuzunguka mshono. Bonyeza taratibu uone kama ni ngumu. Zaidi ya yote, ulizia mwenendo wa maumivu. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku, na yale yaliyokwisha kupungua kisha yakarudi kwa nguvu yana maana hata kama homa haipo. Mshono unaoendelea kutoa majimaji wiki nzima baada ya upasuaji usifunikwe kwa bandeji mpya na kuachwa. Mwiteni daktari aone.

Akiwepo mgonjwa wa namna hiyo, msimwanzishie vidonge vya kuua bakteria kabla daktari hajaamua, isipokuwa hali yake ni mbaya na maisha yako hatarini. Bakteria waliofika kwenye chuma hujijengea utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi, hivyo vidonge hutuliza dalili kwa muda na kuficha vimelea visionekane maabara. Sampuli yenye maana ni ya nyama ya ndani, inayochukuliwa chumba cha upasuaji; pamba iliyopitishwa juu ya kidonda hutupatia mara nyingi bakteria wa ngozi tu. Maambukizi yakigunduliwa mapema, na chuma bado kimeshika mfupa imara, daktari anaweza kusafisha na kukiacha mpaka mfupa uunge.

Siku ya kuruhusu mgonjwa ndiyo siku ambayo naona haraka nyingi, na ndiyo inayohitaji kiti na muda. Ulizeni anakwenda kuishi wapi, choo kiko umbali gani, maji yanapatikanaje wakati wa kiangazi, na nani atamsaidia. Vumbi la huku mnalijua. Bandeji ikae kavu, mguu uinuliwe akiwa ameketi, na pasiwekwe majivu, dawa za kienyeji wala unga wa vidonge vya rangi mbili juu ya mshono, jambo ambalo bado linafanyika sana na kwa nia njema. Kwenye chakula, ugali na mlenda viongezewe karanga, maharage, dagaa au mayai, kwa kuwa mwili hauwezi kujenga ngozi mpya bila protini.

Maambukizi ya upasuaji wenye chuma hufuatiliwa kwa siku 90, na mengine hujitokeza baada ya miezi mingi kama kitundu kidogo kinachotoa majimaji, kinafunga, kisha kinafunguka tena. Wakati huo mgonjwa hatakuja kwenu kwanza, atakwenda zahanati ya kijijini kwake. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili kinachosomeka, tarehe ya upasuaji, kwamba kifundo kina bamba na skrubu, na kwamba kidonda chochote kikijitokeza hapo arudishwe hospitali bila kufungwa bandeji na kuambiwa asubiri.