Setilaiti haikuoni, na simu yako si mpima ardhi

Maswali mengi ya safari hii yanahusu GPS, mfumo wa setilaiti unaoisaidia simu kujua ilipo. Wanaotaka kumfuatilia mke au mume "kwa setilaiti" bila yeye kujua sitawajibu, leo wala kesho.

Simu yangu imeibiwa. Kwa nini polisi wasiitafute kwa setilaiti? (Msomaji, Mbagala)

Swali hili limekuja tena na tena, na jibu ni lile lile: setilaiti za GPS hazikuoni wala hazikusikii. Ziko angani umbali wa kilomita 20,000 hivi, kila moja inatangaza ipo wapi na saa yake inasema nini, basi. Simu ndiyo inayosikiliza setilaiti nne au zaidi, inapima mawimbi yamechelewa kiasi gani kutoka kwa kila moja, kisha inapiga hesabu yenyewe. Hakuna chochote kinachorudi juu. Ukiona simu yako kwenye ramani ya kompyuta, ni kwa sababu simu imejipata, halafu imetuma taarifa hiyo kwa mtandao. Mwizi akiizima na kutoa laini, huko juu hakuna anayejua ilipo. Huduma ya kutafuta simu iwashwe kabla ya wizi, na namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, uiandike leo.

Vifaa vya kufuatilia magari ni vivyo hivyo. Ndani yake kuna laini ya simu. Bando likiisha, au gari likiingia mahali pasipo na mtandao, kifaa kinakaa kimya. Fundi aliyekufungia akikwambia "setilaiti inalitazama gari lako saa ishirini na nne", muulize laini iliyomo ni ya mtandao gani na nani analipa.

GPS inakula bando?

Haili. Ramani ndiyo inayokula. Ipakue kabla ya safari.

Muuza simu anasema simu za Kichina zinatumia BeiDou tu, na kwamba GPS ni bora zaidi. Kweli? (Mwanza)

Si kweli. Watu wamelifanya jambo hili kuwa Simba na Yanga bila sababu. Mifumo inayofunika dunia nzima ni minne: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, iliyokamilika mwaka 2020. Karibu kila simu ya sasa inasikiliza yote minne kwa pamoja, na hapo ndipo faida ilipo. Julai 2019 huduma ya Galileo ilikatika kwa takriban wiki moja, na watumiaji wengi wa simu hawakujua kwa sababu simu ziliendelea na setilaiti za wengine. Ukitaka kuuliza la maana dukani, uliza kama simu inapokea mawimbi ya masafa (frikwensi) mawili kutoka kwa kila setilaiti. Hiyo inasaidia penye majengo marefu kama Kariakoo, ambako mawimbi hugonga kuta kabla ya kukufikia.

Dalali alipima kiwanja changu kwa simu na ananiambia majiranukta (namba za mahali) yako sawa. Jirani anasema nimeingia kwake mita nne. Nani mkweli? (Kibaha)

Simu haiwezi kuamua ugomvi huo, na dalali anayekwambia inaweza anakuingiza kwenye kesi. Mahali pa wazi, simu nzuri hukosea kwa mita tano hivi. Mita nne mnazogombania zimo ndani ya kosa hilo. Jaribu mwenyewe: weka simu juu ya bikoni, ile alama ya mpaka, asubuhi, andika namba, rudi jioni uandike tena. Namba zitatofautiana, na bikoni haijasogea hata kidogo. Chini ya mwembe au kando ya ukuta, hali ni mbaya zaidi.

Mpima ardhi hutumia vipokezi viwili: kimoja kinakaa kwenye alama ambayo mahali pake panajulikana kwa uhakika, na hicho ndicho kinachomsahihisha mwenzake. Ndiyo maana anafikia sentimita.

Kuna mtego mwingine ambao madalali hawaujui kabisa. Ramani nyingi za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu inatumia WGS 84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, unasimama takriban mita 300 kutoka mahali penyewe. Watu hulipa, hujenga msingi, kisha mwenye shamba anatokea. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanya upekuzi ofisi ya ardhi na umlete mpima aliyesajiliwa. Na wewe na jirani yako, msiiguse bikoni. Kuing'oa ni kosa la jinai.

Marekani ikikasirika inaweza kutuzimia GPS? (Nakuru)

Mpaka Mei 2000 ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia. Rais Clinton aliamuru iachwe. Lakini hofu yako iko pabaya. Mawimbi haya yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno, kwa hiyo yeyote mwenye mtambo wa kuyavuruga anaweza kukuharibia bila kuigusa setilaiti. Mwaka 2024 Finnair ilisitisha safari za Tartu, Estonia, kwa mwezi mzima kwa sababu hiyo.

Nafanya kazi melini, Muscat. Juni 2025 karibu na Hormuz skrini ilituonyesha tuko nchi kavu. Kifaa ni kibovu?

Hapana, kifaa kilidanganywa. Wakati wa vita vya Israeli na Iran mwezi huo, meli nyingi za eneo hilo zilivurugiwa mawimbi au kudanganywa. Kuvurugwa kuna nafuu, kwa sababu skrini inakwambia haioni kitu. Kudanganywa ni hatari kuliko hapo: namba inakuja safi, na ni ya uongo. Linganisha na rada, na kina cha maji, na mwelekeo wa mnara wa taa kwa dira. Visipokubaliana, amini nchi unayoiona.

Wavuvi wa Mafia na Pemba mnaotoka na simu moja kwenye mfuko wa nailoni, haya yanawahusu pia. Chukueni dira. Mkiweza kuchangiana, nunueni kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, ambacho, tofauti na simu, hutuma ishara ya kuomba msaada juu kwa setilaiti, na mkisajili. Tangu mwaka 2020 Galileo inaweza kurudisha jibu kwenye vifaa vya aina hiyo vilivyotengenezwa kulipokea, kwa hiyo aliye majini anajua kwamba ishara yake imefika.