Pambo la Krismasi la mbao: mwanga hauenei kwa sababu matabaka yamebanana

Pole na kazi, dada. Umeuliza kwa nini pambo lako la matabaka matatu, ulilokata kwa leza, ukiliwasha linatoa doa moja katikati badala ya kung'aa lote. Umeyagandisha matabaka yakagusana. Mwanga hauna pa kupita. Kata fremu tupu za plaiwudi ya milimita 3, weka moja kati ya tabaka na tabaka. La nyuma kabisa lipake rangi nyeupe kwa ndani, na taa za LED zifiche pembeni, zisimtazame mtu usoni. Betri bapa ya volti 3, CR2032, inatosha.

Unyevu wetu huu wa Dar nao ni adui. Plaiwudi ikipinda, leza inapoteza fokasi, yaani miale yake haikutani tena pale pale kwenye mbao: upande huu unakatika, ule unaungua tu. Ilaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Kabla ya kukata, bandika selotepu ya karatasi. Ukiibandua, uso unabaki mweupe na kingo za nyota zina ile kahawia ninayoipenda sana.

Na nakuomba, usiingize PVC, ile plastiki ya mabomba, kwenye mashine hiyo ya leza. Moshi wake una asidi, unaumiza mapafu na kula vyuma.